Meza za Maji Zikishakunjwa

Mwaka jana nilikimbia mbio nne za barabarani, za kwanza Nakuru ninakoishi, za pili Kisumu, za tatu Kakamega na za nne Eldoret, na katika zote nne nilifika mwisho wakati washindi walikuwa wameshaoga, wameshapokea hundi zao na pengine wameshakula. Naandika hivyo bila haya. Katika sehemu hii ya nchi neno mkimbiaji limebanwa maana: ni mtu anayekimbia ili alipwe, au anayekaribia kulipwa, au aliyeacha kulipwa kwa sababu ya goti. Mwanamke wa miaka 41 mwenye duka la agroveti, la dawa na vyakula vya mifugo, ambaye kilomita moja humchukua dakika nane, hana jina katika hesabu hiyo, ingawa watoto wa barabara ya Menengai walinitafutia moja, Mama Polepole, na hulitamka kwa heshima zote huku wakinipita na mikoba yao ya shule mgongoni.

Nilianza kukimbia baada ya daktari kunionya kuhusu shinikizo la damu, nikaendelea kwa sababu ya wenzangu. Tuko watano: dereva wa matatu, mwalimu wa hisabati, mama anayeuza mboga sokoni, mzee mmoja wa miaka 63 aliyestaafu kutoka shirika la reli, na mimi. Hukutana saa kumi na moja alfajiri karibu na uwanja wa Afraha, kwa kuwa hakuna kati yetu ambaye kazi yake humruhusu kukimbia jua likiwa limetoka, na hupanda pamoja kuelekea kreta ya Menengai kabla malori hayajaamka. Wapita njia hutuuliza swali lile lile ambalo kila mwanamke anayekimbia nchini Kenya ameshaulizwa, “Mama, unafukuzwa na nani?”, na mama mboga huwajibu kwamba anafukuzwa na mwenye nyumba.

Ushauri wetu wote wa mwanzo tuliupata kwa binamu yangu. Yeye ni mkimbiaji kwa ile maana finyu. Hufanya mazoezi Iten, mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, hukimbia zaidi ya kilomita 160 kwa wiki, na nusu-marathoni huimaliza kwa saa moja na dakika tano, muda ambao ungemfanya shujaa katika nchi nyingi ila kwetu haumpatii hata nafasi katika kundi la mbele. Nilipompigia simu Januari kumwambia kwamba nimejisajili, alifurahi sana, akanipa maagizo matatu. “Dada, asubuhi ya mbio usile, kunywa chai tu. Usibebe chochote, uzito ni adui. Na maji usiyawazie, utayakuta mezani.” Niliyaandika nyuma ya kitabu cha risiti dukani. Maagizo hayo yalikuwa sahihi kabisa kwa mtu atakayekuwa barabarani saa moja na dakika tano, na hakuna kati yetu aliyefikiri kuuliza itakuwaje kwa mtu atakayekuwa barabarani saa tatu.

Mbio za Nakuru, kilomita 10 mwezi Februari, sina mengi ya kuzieleza. Nilikunywa chai, sikubeba kitu, maji niliyakuta mezani, nikamaliza kwa saa moja na dakika 19 na kufungua duka saa nne. Zilikwenda vizuri, na hilo ndilo lililoniponza.

Kisumu, kilomita 21, ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Machi, kabla mvua za masika hazijaanza. Tulisafiri Jumamosi kwa matatu ya mwenzetu, tukapitia Mau Summit na Kericho, na tulipofika Ahero penye mashamba ya mpunga dereva akafungua dirisha, hewa ikaingia kama mvuke wa sufuria iliyofunuliwa. Nakuru iko karibu mita 1,850 na Kisumu karibu mita 1,130, na njia nzima tulikuwa tukiambiana kwamba watu wa juu wakishuka ziwani hupaa, kwa kuwa hewa ya huko ina oksijeni nyingi zaidi. Ni kweli kuhusu oksijeni. Joto na unyevu hatukuvizungumzia.

Tuliagizwa tuwe uwanjani Mamboleo saa kumi na moja na nusu ili mbio zianze saa kumi na mbili na nusu. Mgeni rasmi hakuwa amefika. Tulicheza muziki wa kupasha mwili moto mara tatu, tukasikiliza hotuba za watu waliomtangulia, na bastola ililia saa moja na dakika 40. Kwa mshindi, kuchelewa huko ni usumbufu tu, kwa sababu hata hivyo alikata utepe kabla ya saa tatu kasorobo, jua likiwa bado linasalimia. Mimi nilimaliza saa nne na dakika 31. Ile saa moja na ushei iliyopotea ikimsubiri mheshimiwa haikukatwa kwenye mwanzo wa mbio zangu, penye ubaridi, bali iliongezwa mwishoni, na kila mtu anayekimbia nyuma angeweza kumweleza mwandaaji jambo hilo kama angeulizwa.

Njia iliteremka Kondele, ikakata katikati ya mji, ikaenda hadi Dunga ufuoni na kurudi ilikotoka. Meza za kwanza zilikuwa na maji tele, na kwa kuwa nilikuwa bado mzima nilinyakua kikombe kimoja, nikanywa funda mbili na kujimwagia yaliyobaki kama nilivyoona mabingwa wakifanya katika runinga. Baada ya kugeuka Dunga, kilomita ya 12 hivi, niliwakuta vijana wa huduma wakipakia meza kwenye pikapu. Chini palikuwa na chupa tupu zilizokanyagwa. “Mathe, maji imeisha,” mmoja aliniambia, wala si kwa ubaya. “Jikaze tu.” Simu yangu na pesa zangu vilikuwa kwenye begi Mamboleo, kwa sababu uzito ni adui.

Aliyeniokoa ni mama mmoja aliyekuwa akikaanga mbuta kando ya njia. Sikumwomba, nadhani alitazama uso wangu tu. “Dada, kaa kidogo, utaanguka,” alisema, akanivutia kreti ya soda nikakalia, akaninunulia chupa ya maji kwa jirani yake, kisha akanikatia ndimu na kuichovya kwenye chumvi ile ile ya samaki. Nilinyonya ndimu hiyo hadi ganda. Nilipomwambia sina pesa, alichukua biro ya kuandikia hesabu za wateja, akaigeuza namba iliyokuwa kifuani pangu na kuandika nyuma yake namba yake ya simu, polepole, tarakimu kubwa kubwa, ili jasho lisizifute. Jioni nilimtumia shilingi 200. Alinirudishia 150 na ujumbe kwamba maji yalikuwa hamsini.

Kutoka hapo hadi Kondele barabara ilikuwa imeshafunguliwa. Koni zilikuwa zimeokotwa, na sisi tuliobaki tulikimbia ukingoni kati ya mtaro na tuktuk, wenye tuktuk wakitupigia honi na mmoja akijitolea kunifikisha kwa shilingi mia. Katika kile kilima cha kurudi Mamboleo nilianza kusikia baridi. Jua lilikuwa la saa nne, lami inawaka, nami vinyweleo vilinisimama mikononi kana kwamba niko Limuru mwezi wa saba. Sikujua wakati ule kwamba baridi ya namna hiyo ni dalili kwamba mwili umeanza kushindwa na joto, na kwamba mtu anayeisikia anapaswa kusimama, kutafuta kivuli na kupozwa. Niliifurahia. Nilimaliza kwa saa mbili na dakika 51, nikakojoa mkojo wenye rangi ya chai isiyo na maziwa, na njia yote ya kurudi Nakuru nililala kwenye kiti cha nyuma nikiwa na kitambaa chenye maji usoni.

Wiki iliyofuata mwalimu, ambaye hupenda kuthibitisha mambo kwa namba, alinikumbusha habari za Peres Jepchirchir. Mwaka 2021, katika marathoni ya Olimpiki iliyofanyika Sapporo, saa ya kuanza ilisogezwa iwe mapema zaidi ili kukwepa joto, na bado Jepchirchir alishinda dhahabu kwa saa 2:27:20. Mwaka 2024 huko London, kwenye hali ya hewa ya baridi, mwanamke huyo huyo alikimbia saa 2:16:16. Yapo mengine yanayotofautisha mbio hizo mbili, kwani za Olimpiki hukimbiwa kwa kuviziana, lakini hata ukiondoa hayo joto linabaki na sehemu yake. Damu inayotakiwa miguuni hupelekwa kwenye ngozi ili mwili upoe, na hewa ikiwa na unyevu kama ile ya ziwani, jasho hudondoka chini badala ya kukauka mwilini, na jasho lililodondoka halijapoza kitu.

Mzee wetu hakuhitaji namba. Alisikiliza kisa chote tukiwa tunapanda Menengai, akanyamaza mpaka kwenye ile kona ya mikaratusi, kisha akasema: “Binti yangu, wewe ni gari la moshi la mizigo. Kwa nini unatumia ratiba ya abiria?”

Sentensi hiyo ilinikaa kichwani, lakini nakiri kwamba mara ya kwanza niliielewa vibaya. Nilidhani maana yake ni kubeba maji mengi.

Nilinunua mfuko wa maji wa kuvaa mgongoni, wa lita mbili, wa mitumba lakini mzima, na Juni nikaenda nao Kakamega kwa kilomita 21 nyingine. Siku hiyo mvua nyembamba ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri, hewa ya baridi ikitoka upande wa msituni, na barabara ya udongo mwekundu ilikuwa na utelezi kiasi kwamba kwenye miteremko nilitembea kwa mashaka zaidi kuliko kwenye vilima. Ngoma za isikuti zilitupigia tukiondoka uwanja wa Bukhungu. Nilikuwa nimeapa kwamba kiu haitanishika tena, kwa hiyo niliitega saa yangu ilie kila baada ya dakika kumi, na kila ilipolia nilivuta maji mgongoni, na kila nilipofika mezani, kwa kuwa safari hii meza zilisubiri hadi mwisho, nilikunywa pia, kwa adabu, nisije nikawavunja moyo waliosimama kwenye mvua kwa ajili yetu. Kwa saa tatu nilikunywa zaidi ya lita tatu. Sikutokwa na jasho la maana hata mara moja.

Kufikia kilomita ya 17 tumbo lilikuwa likicheza kama mtungi usiojaa. Kichwa kiliniuma kwa namna ya ajabu, kama kofia iliyobana. Nilipomaliza, kwa saa tatu na dakika nne, nilitaka kufungua kamba za viatu nikashindwa, nikatazama vidole vyangu: vilikuwa vimetuna na kung’aa, na pete ya ndoa ilikuwa imezama kwenye nyama hata nisiweze kuizungusha. Kijana mmoja wa huduma, mwenye moyo mzuri, aliniona nimeinama akakimbia kuniletea chupa ya maji.

Muuguzi aliyekuwa kwenye hema alimzuia mkono. Alikuwa mwanamume mtulivu wa makamo, na alinikalisha kwenye kiti cha plastiki, akaniuliza maswali matatu tu. “Mama, umekunywa kiasi gani? Umekojoa mara ngapi tangu mwanzo? Hayo maji ulitia chumvi?” Lita tatu na zaidi, hata mara moja, la. Alinikataza maji kabisa. Aliagiza kikombe cha supu kutoka kwa waliokuwa wakipikia waandaaji, akaikoroga na chumvi hadi ikawa chungu, akanipa na pakiti ya njugu za chumvi, kisha akakaa karibu akiniuliza mara kwa mara leo ni siku gani na nimetoka mji gani. Nilidhani ananichangamsha. Alikuwa akipima kama ninachanganyikiwa, kwa sababu chumvi ya damu ikichujuka sana ubongo huvimba, na mtu anaweza kupoteza fahamu, kupata degedege na hata kufa, na mtu wa hali hiyo akipewa maji zaidi anaongezewa sumu. Baada ya saa moja hivi nilikwenda chooni, nikakaa humo kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kukaa, na niliporudi pete ilizunguka.

Aliniambia jambo ambalo nimelirudia kwa kila mtu tangu siku hiyo. Balaa hili huwakumba zaidi watu wa polepole kama mimi kuliko wa mbele. Bingwa hana nafasi ya kunywa kupita kiasi; hunyakua vikombe vichache akiwa mbioni na nusu humwagika. Aliye nyuma ana saa nyingi, meza nyingi, jasho dogo kwa sababu mwendo wake si wa kasi, na masikio yaliyojaa onyo la “kunywa maji mengi”.

Kilichoniudhi kuliko pete ni kwamba nilikuwa nimeshajua. Kwa miaka 11 nimewauzia wafugaji wa Njoro, Rongai na Bahati pakiti za chumvi na sukari za kuwanywesha ndama wanaoharisha. Nimesimama nyuma ya kaunta ile na kumweleza mzee wa miaka 70 kwamba maji matupu hayatamwokoa ndama wake, kwamba chumvi ndiyo inayoyashika mwilini, na sukari ndiyo inayoipitisha chumvi kwenye utumbo. Nimelieleza hilo labda mara elfu, kisha nikajaza lita mbili za maji matupu, nikayabeba mgongoni hadi Kakamega.

Kuanzia Julai nilijifanyia kama ninavyomfanyia mteja. Dukani nina mizani ya kupimia vyakula vya mifugo, na kila Jumamosi kabla ya mbio ndefu nilipanda juu yake kabla sijafungua mlango wa mbele, nikarudi na kupanda tena baada ya kujifuta jasho, mwalimu akiandika kwenye daftari lake la kurasa 96. Gramu zilizopungua, ukijumlisha maji uliyokunywa njiani, ndizo jasho lako. Alfajiri ya Nakuru nilipoteza karibu gramu 600 kwa saa. Siku niliyojilazimisha kukimbia saa sita mchana nilipoteza zaidi ya kilo moja kwa saa. Mama mboga, ambaye ni mdogo kwangu kwa umbo, alipoteza karibu nusu ya zangu, na dereva alipoteza mara mbili na kuacha michirizi myeupe ya chumvi kwenye kofia. Watu watano, njia moja, asubuhi moja, na hakuna wawili waliolingana, kwa hiyo yule atakayekwambia kila mtu anywe kikombe kimoja kila kilomita mbili anakisia tu. Mimi nilitulia kwenye nusu lita kwa saa asubuhi ya baridi, nikinywa kiu inaponiambia na si saa ya mkononi inapolia, na ndani yake nikatia ule mchanganyiko wa nyumbani ambao kila kliniki ya watoto huufundisha: lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, na ndimu kwa heshima ya Dunga.

Kuhusu kula, nilijaribu mengi. Ndizi zilisagika mkobani. Nduma zilinikaba. Viazi vidogo vilivyochemshwa na maganda yake na kuviringishwa kwenye chumvi vilinifaa, kimoja kila dakika 40. Viatu nilinunua vinavyozidi mguu kwa nusu saizi, kwa kuwa mguu huvimba baada ya saa tatu, na kucha zangu mbili zilizokuwa nyeusi tangu Kisumu zikaota upya. Na nikashona mfuko mdogo ndani ya kaptura wa kuwekea shilingi 500.

Eldoret ilikuwa Novemba, marathoni kamili, kilomita 42.195, mzunguko wa kilomita 21 kwenda mara mbili, kikomo muda wa saa sita tangu kuanza. Binamu yangu alikuja kunitazama. Alipouona mkoba wangu wa kiunoni wenye viazi tisa alicheka hadi akashika magoti, kisha akaniuliza kwa upole kama ninahamia.

Mbio zilianza kwa wakati, saa kumi na mbili na nusu kamili, na nawashukuru waandaaji kwa hilo kabla sijasema mengine. Mji uko karibu mita 2,100, pumzi huja fupi, na kwa kilomita tano za kwanza nilijizuia kiasi kwamba watu waliokuwa wakitembea walinipita. Mzunguko wa kwanza ulichukua saa mbili na dakika 46. Mwisho wa mzunguko huo ndipo penye jaribu kubwa: wanaokimbia nusu hukata kushoto kwenye muziki, medali na migongo inayopigwapigwa, na wewe wa marathoni unanyooshewa kidole kulia, kwenye barabara ambayo haina mtu.

Haikuwa na mtu kweli. Mshindi alikuwa ameshafika zamani. Kwenye kilomita ya 27 waumini wa kanisa moja walikuwa wakishuka kutoka kwenye matatu, wakanitazama kama mtu aliyepitwa na habari. Kwenye ya 29 pikapu ya kuokota koni ilinifikia, na nyuma yake gari la kuwaokota waliochoka, dereva aliteremsha kioo na kusema, “Madam, panda tu, tunafunga.” Nilimwonyesha saa yangu. Ilikuwa saa nne na dakika 20, na kikomo kilichoandikwa kwenye kijitabu chao ni saa sita na nusu mchana. Alikitazama, akanitazama, akasema sawa, na tangu hapo akanifuata kwa mbali kama mchungaji asiye na haraka. Meza za maji zilikuwa zimekunjwa zote isipokuwa moja. Sikuzihitaji. Kwenye kilomita ya 33 chupa zangu ziliisha, nikaingia kwenye kibanda, nikatoa ile mia tano iliyolowa, nikanunua maji na biskuti za chumvi, nikapewa chenji, nikaihesabu.

Karibu na kilomita ya 34 nilimkuta kijana mmoja ameketi kwenye kingo za daraja, mwili wa mkimbiaji hasa, miguu mirefu, fulana ya kambi. Alikuwa amekimbia nusu ya kwanza kwa saa moja na dakika 20 bila kula kitu, tangu asubuhi akiwa na chai tu, na akiba ya sukari mwilini ilikuwa imemwishia pale inapowaishia wengi, karibu na kilomita ya 30. Mikono ilikuwa ikimtetemeka. Nilimpa viazi viwili na maji ya chumvi na sukari, akala bila kumenya. “Shukrani, mama,” alisema. Tulitembea pamoja, kisha tukakimbia pamoja, na kwenye kilomita ya 39 damu ilipomrudia aliondoka na kuniacha bila hata kugeuka. Ndivyo walivyo.

Nilifika saa sita na dakika 13 mchana. Lango la kumalizia la kupulizwa lilikuwa chini, limelala barabarani kama puto la sherehe iliyokwisha, na vijana wawili walikuwa wamelikalia kulitoa upepo. Mkeka wa kusoma muda ulikuwa umeviringishwa na kufungwa kamba. Medali zilikuwa zimeisha. Mzee alikuwa amesimama palepale mstari ulipokuwa, amevua kofia yake ya reli, simu mkononi, akaibonyeza nilipompita: saa 5:43:10. Binamu yangu alikuwa kando yake, amekalia kreti, na alikuwa ameninunulia chai. Aliniuliza kama kuna kiazi kilichobaki. Kilikuwepo kimoja.

Matokeo yalipotoka Jumanne, yalinionyesha nikipita kilomita 21 na baada ya hapo pengo, kana kwamba Eldoret ilinimeza. Nilipiga simu mara mbili, nikaambiwa niandike barua pepe, nikaandika. Mwalimu aliingiza muda wa Mzee kwenye daftari la kurasa 96, akaupigia mstari kwa rula.

Jumatano asubuhi, nikishuka ngazi ya duka kwa kurudi nyumanyuma kwa sababu ya mapaja, mfugaji mmoja kutoka Rongai alikuja na habari za ndama wa wiki tatu aliyeharisha usiku kucha. Alitaka ile pakiti ya kawaida. Nilimtolea, nikamwekea kwenye bahasha, na kabla sijapokea pesa nikamuuliza ndama amekunywa lita ngapi tangu jana, alikuwa maji matupu au yenye chumvi, na amekojoa mara ngapi. Alinitazama kwa muda. Akasema la kukojoa hakulitazama, akatoa simu na kumpigia mkewe aende zizini akaangalie.